Kigoda Kilichosogezwa

Habari hii nimepewa na Noela mwenyewe, mwaka jana, Jumatatu ya Pasaka, tukiwa wawili jikoni kwangu tunamenya karanga. Nilimuuliza jambo dogo tu: kile kigoda kilichoko pembeni ya ua wa kwao, pale kwenye minyaa, ambacho mama yake hataki mtu akihamishe, kiliwekwa na nani. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akanieleza tangu mwanzo, na karanga ziliisha kabla yeye hajamaliza. Naandika nilivyosikia.

Noela ni mtoto wa kwanza wa Sesilia, ambaye Ngokolo nzima, hapa Shinyanga mjini, wanamwita Mama Noela. Baba yao alifariki Noela akiwa darasa la sita. Tangu hapo mama huyu amelea watoto wake kwa viazi vitamu. Anavimenya, anavikata vipande, anavianika juani vinakuwa michembe. Vingine anavichemsha kwanza ndipo anavikata na kuvianika, na hayo ndiyo matobolwa. Msukuma aliyeko mbali na kwao akiletewa matobolwa anaweza kutoa machozi. Ndiyo maana wateja wake wengi hawako Shinyanga. Wako machimboni Geita, wako Katoro na Kahama, wengine wako mpaka Dar es Salaam. Wanapiga simu, wanatumiwa mzigo kwa basi.

Tabu ilikuwa kwenye zile simu. Mama anaongea huku mikono ina maji ya viazi, Noela anaandika kwenye daftari, jirani naye anapiga hodi. Mzigo wa Katoro unakwenda Kahama. Siku moja mchimbaji aliomba matobolwa akapelekewa michembe. Akapiga simu akasema, bila hasira, kwamba yeye anashinda shimoni, hana sufuria wala kuni, alitaka kitu cha kutafuna. Noela akaona mambo hayaendi hivi.

Karibu na soko kuu palikuwa na steshenari ya kijana anaitwa Edson Mayala. Alikuwa anachapa kadi za harusi na kutengeneza tovuti. Kwao ni Buseresere, wazazi wake ni Wasukuma waliohamia kule kufuata mashamba. Noela akamwendea mwezi wa tatu, akamwambia anataka duka la mama yake liingie kwenye simu za watu. Mafundi wengine wawili aliowauliza kabla walianza na bei. Huyu alianza na swali.

"Wateja wako wanashika simu za aina gani?"

Noela hakujua. Akarudi nyumbani akawapigia, mmoja mmoja, siku mbili nzima. Alipompelekea majibu, Edson aliyasoma yote, halafu akamtazama, akaendelea kumtazama kidogo zaidi ya kazi inavyohitaji. Akasema hajawahi kupata mteja anayefanya alichoombwa. Noela aliniambia hapo ndipo palipoanzia. Maneno yale hayakuwa na kitu ndani yake, bibi, aliniambia, kitu kilikuwa kwenye ule muda wa kutazamwa.

Basi ikawa kila akimaliza kuanua anakwenda soko kuu. Anakaa upande huu wa meza, Edson upande ule, laptopu katikati imegeuzwa ubavu ili waione wote. Alikuwa anamletea matobolwa, wanakunywa chai, makombo yanaingia kwenye vitufe, Edson anayapuliza. Siku moja umeme ukakatika. Wakabaki wamekaa, feni imesimama, na hakuna aliyejisumbua kwenda nje kutafuta upepo.

"Kazi hii ikiisha," Edson akasema, "utakuwa unakuja hapa kufanya nini?"

"Nitakuja kuchapa kadi."

"Kadi ya nini?"

"Ya harusi. Nikipata mtu."

Umeme ukarudi, feni ikaanza kuzunguka, na Edson akasahau alikuwa anaandika nini.

Tovuti ilipokamilika ilikuwa nzuri, kila mtu alisema hivyo. Ukiifungua picha zinapita zenyewe, viazi, mashamba, jua linazama. Mteja anajisajili kwanza, anaweka namba ya siri, anachagua kilo, anaandika mtaa wake na namba ya nyumba, mzigo unaondoka. Noela aliitangaza kwa wateja wote. Yeye na Edson wakakaa kusubiri kama watu waliotega.

Edson alikuwa na namna ya kuona watu wangapi wameingia na wanaishia wapi, sawa na mtu aliyekaa mlangoni pa duka akihesabu. Wiki mbili wakaingia zaidi ya mia mbili. Walionunua ni wanne. Na katika hao wanne, mizigo miwili haikufika.

Aliyetoa jibu ni Mwahija, mama lishe wa Buseresere, mteja wa Mama Noela wa miaka mingi. Alipiga simu Noela akiwa steshenari, naye akaiweka spika.

"Noela mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sasa niambie, hilo duka lako jipya linataka nini kwangu? Picha zimekula bando langu lote. Nikafika mbele wananiuliza namba ya nyumba. Nyumba yangu ina namba gani mimi? Nikatoka nje nikatazama mlangoni, nikaikuta ile ya chaki waliyoandika siku ya kuhesabu watu. Nikaiandika hiyo."

"Ukaandika namba ya sensa?"

"Na jirani yangu naye kaandika ya kwake. Konda wa basi katuuliza hii namba ni ya nini, tukamwambia ni ya serikali. Mizigo amerudi nayo Shinyanga."

Noela alicheka, Mwahija alicheka. Edson hakucheka. Akasema kosa ni lake. Alikuwa amejenga duka kwa macho yake mwenyewe, la mtu mwenye mtaa, mwenye namba, mwenye bando lisiloisha. Akasema sasa kuna njia moja tu: amtafute mtu ambaye hajaligusa, akae pembeni yake, amwangalie anavyohangaika, na asiseme neno.

"Mama yako," akasema.

Alikwenda Ngokolo siku ya Jumatatu. Mama Noela alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na chanja la kuanikia. Noela akaleta kigoda, akakiweka kando ya bega la mama yake, Edson akakaa. Mama akapewa simu yake mwenyewe, imefunguliwa tovuti, akaambiwa anunue sado moja ya matobolwa, lile kopo la kupimia sokoni, kama mteja mwingine yeyote.

Mama Noela ana miaka hamsini na nane. Dole gumba lake limechanika kwa kumenya viazi, lina ngozi ngumu. Akabonyeza, simu haikusikia. Akabonyeza tena, ikafungua kitu kingine. Akafika pale pa kujisajili, akasoma polepole kwa sauti, jina, namba ya simu, namba ya siri, rudia namba ya siri. Akaishusha simu mapajani.

"Kijana, mtu akiingia kwangu nasema karibu. Nampa hata maji. Wewe hujamsalimu unamuuliza siri yake."

Edson akajisahau. Akanyoosha kidole, akamrusha pale, akamfikisha mbele. Mama akakiangalia kile kidole, kisha akamwangalia mwenye kidole.

"Sawa, umenivusha. Na yule wa Geita atavushwa na nani?"

Edson akarudisha mkono. Alishukuru, akaaga, akaondoka bila kunywa chai. Mama Noela akawa anamtazama mpaka akatoka getini. Akauliza kwa nini kijana yule, Noela akipita, anashindwa kujua aweke macho wapi.

Noela alikuwa amejiandaa kumwambia siku nyingine, lakini ameulizwa. Akamwambia. Wanapendana, na Edson anataka kuleta wazee.

Mama hakupiga kelele, si kawaida yake. Aliendelea kugeuza michembe kwenye chanja, kipande baada ya kipande. Akamkumbusha kwamba Jumapili hiyo wanakuja watu wa Mhunze kumposea Mwigulu. Mjomba Sostenes alikwisha wakubalia. Mwigulu ana ng'ombe, ana shamba la pamba, ukienda Mhunze unaoneshwa kwa kidole. Akamkumbusha pia habari za Martina, mdogo wake Noela, aliyetangulia kuolewa na dalali wa dhahabu wa Katoro. Yule naye alikuwa na maneno mazuri, na kazi yake hakuna aliyewahi kuiona, mpaka siku Martina aliporudi nyumbani na watoto wawili na begi moja.

"Edson si dalali, mama. Kazi yake unaiona. Umeishika leo mkononi."

"Nimeishika. Amejenga duka ambalo mwenye duka mwenyewe hawezi kuingia." Akageuza kipande kingine. "Nyumba yako atakujengea yenye mlango gani?"

Noela akaomba jambo moja tu, kwamba kabla watu wa Mhunze hawajaingia, Edson apewe nafasi nyingine. Mama akafikiri. Akasema vizuri, Jumamosi alasiri, mjomba awepo ashuhudie. Yeye mama akiweza kununua mwenyewe kwa simu yake, bila mtu kumshika mkono wala kumwelekeza, atamsikiliza kijana. Akishindwa, Jumapili chai itapikwa kwa ajili ya watu wa Mhunze, na Noela ataitenga mwenyewe.

Jumatano Noela alikwenda soko kuu. Alikuwa na mpango wake na aliuona ni mwepesi. Mama yake si mjinga, akielekezwa mara tatu anashika. Edson aje jioni mbili tu, akae naye, amkaririshe hatua kwa hatua, hapa bonyeza, hapa andika, Jumamosi mama atapita kama maji. Nani atajua?

Edson alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na ndevu za siku mbili na kikombe cha chai kilichoganda utando.

"Sitamkaririsha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Jumamosi atafaulu yeye, tovuti itakuwa imefeli. Na Mwahija atabaki anaandika namba ya sensa."

"Mimi sijaja kwa ajili ya Mwahija. Edson, Jumapili wanakuja kunichukua."

"Najua."

"Unajua, halafu unaniambia habari za tovuti."

Noela aliniambia kama Edson angenyanyua mkono tu, angemshika hata kiganja, yeye angekaa. Lakini Edson alikuwa ameangalia meza. Mwisho akasema taratibu, "Mama yako ameniuliza swali. Nikimjibu kwa ujanja, ataniona mimi ni kama yule wa Katoro. Na atakuwa hajakosea."

"Basi oa hiyo tovuti yako," Noela akasema, akachukua mkoba.

Alitembea kwa miguu mpaka Ngokolo, bodaboda zinampigia honi haangalii. Alhamisi akapiga simu, haikupatikana. Ijumaa haikupatikana. Akapita steshenari akakuta kufuli. Muuza mihogo wa mbele akamwambia kijana ameonekana stendi asubuhi ya Alhamisi, ana laptopu mgongoni, amepanda basi la Geita. Noela akarudi nyumbani akafua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Akajiambia mwanamume aliyekimbia ni heri akimbie mapema. Akajiambia Mwigulu si mtu mbaya. Halafu akaketi kando ya beseni akalia, mama akamwona, akapita kama hakuona.

Edson hakuwa amekimbia. Alikuwa Buseresere, kwenye genge la Mwahija, ameketi kwenye benchi la wateja. Tangu Jumatano usiku alikuwa amevunja kila kitu. Picha zinazopita alizitupa. Kujisajili alikutupa, na namba ya siri. Akabakiza picha mbili tu, moja michembe, moja matobolwa, kubwa kiasi cha kujaza kioo. Kisha akampa Mwahija simu akiwa kwenye kazi, mikono ina unga wa ngano, akanyamaza. Mwahija alishindwa mara ya kwanza, akamtania kwamba amesoma bure. Edson akaandika alipokwama, akatengeneza pale pale. Mara ya pili Mwahija akauliza kilo ndiyo nini, yeye hajawahi kununua michembe kwa kilo tangu azaliwe. Kilo ikaondoka, likaja sado, nusu debe, debe. Wachimbaji waliokuja kula chapati wakapewa nao, mmoja mmoja, vidole vina udongo mwekundu. Mmoja akauliza kwa nini aandike mtaa wakati mizigo yote duniani inashukia stendi. Edson akamlipia chai.

Simu yake haikupatikana kwa sababu aliizima. Kosa hilo alilikiri baadaye, na Noela hajamsamehe hadi leo, anasema amelitunza kwa matumizi.

Jumamosi alasiri jua lilikuwa bado kali. Mjomba Sostenes alikuja na baiskeli yake, akakalishwa kwenye kiti chenye mgongo. Ni mtu mnene, mpole, anapenda mambo yaishe watu wale. Mama Noela akaketi kwenye mkeka wake ule ule. Noela akatoa kigoda, akakiweka pale pale kando ya bega la mama, kama Jumatatu, ingawa hakujua kama mwenye kukikalia atatokea.

Akatokea. Alikuwa amenyoa. Shati lilikuwa limepigwa pasi, lakini macho yalikuwa ya mtu asiyelala. Alimwamkia mjomba, akaitikiwa. Kwa Noela alipita na jicho moja tu, la haraka, na Noela akasema moyoni kwamba hamsamehi, huku macho yake yanamfuata.

Kisha Edson akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliinama, akakinyanyua kile kigoda, akavuka nacho ua mzima mpaka kule kwenye minyaa, hatua kama ishirini. Akakiweka chini, akakaa ubavu, uso ameuelekeza kwenye ua wa jirani.

"Mwadila, mayu," akamwamkia mama kwa Kisukuma, salamu ya alasiri, kutoka kule kule, bila kugeuka.

Msomaji asiye wa huku nimweleze. Kwetu mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe. Hampi mkono, hapokei kitu mkononi mwake, hamtazami usoni. Anakaa mbali, anaelekea upande, wanasalimiana kwa sauti. Ndiyo heshima yenyewe. Fundi anaweza kukaa kando ya bega la mama wa mtu, akamshikia na simu. Mkwe hawezi. Edson aliyeletwa Jumatatu alikuwa fundi. Huyu wa Jumamosi alikuwa amejitangaza mbele ya mjomba, bila kutaja neno posa.

Mjomba Sostenes akakohoa, akatazama viatu vyake. Noela alisimama mlangoni ameshika khanga kwa mikono miwili.

"Edson," mama akaita. "Sogea hapa, huku ndiko kwenye simu."

"Mimi nakaa huku, mayu."

"Nani amekupa ruhusa ya kukaa huko?"

"Hakuna aliyenipa. Ndiyo naomba."

Kuku wakapita katikati ya ua. Noela akapiga hesabu ya jambo lile, ikamtia baridi: kwa kukaa kule, Edson asingeweza kuona hata dole la mama limekwama wapi. Mama akishindwa, hapana wa kumvusha. Alikuwa ameweka kila kitu kwenye kazi yake, na yeye mwenyewe amejiondoa.

Mama akachukua simu, akafungua ujumbe wa tovuti aliotumiwa na Edson, akabonyeza.

Ikafunguka mara moja. Akasoma kwa sauti, kama anavyosoma Biblia, kidole kwenye mstari. "Karibu kwa Mama Noela. Mwangaluka, mwadila, kwa saa yoyote uliyokuja." Akasita. "Kumbe safari hii wananisalimu," akasema, si kwa mtu yeyote.

Akatazama zile picha mbili. Akagusa matobolwa. Dole lile gumu likasikika, maana palipogusika palikuwa pana kama kiganja cha mtoto. Zikaja sado, nusu debe na debe, kila kimoja kimechorwa chombo chake. Akagusa sado. Ikaja nyingine: mzigo uchukuliwe stendi gani? Stendi zote zikajipanga pale, Kahama, Katoro, Geita, Buseresere, na nyingine chini.

Hapo akasita. Akakaa na simu mkononi bila kuigusa. Noela akasikia michembe ikidondoka kutoka kwenye chanja. Kule kwenye minyaa Edson hakugeuka, lakini mgongo wake, Noela aliniambia, ulikuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Angeweza kuuliza umefika wapi, mama. Hakuuliza.

Mama akarudi nyuma. Mjomba Sostenes aliyekuwa anachungulia akasema, "Dada, hapo umepotea. Sado ulikwisha chagua."

"Sijapotea. Pameandikwa badilisha, nabadilisha." Akagusa debe. "Sado ni ya mteja."

Akaenda mbele tena, akachagua stendi. Ikamuuliza jina la mpokeaji, akaandika herufi moja moja, huku midomo inatembea. Kisha akainua kichwa, akapaza sauti kuelekea kwenye minyaa.

"Wewe kijana. Namba ya simu ya mama yako ni ngapi?"

Mjomba akaruka. Akasema makubaliano yalikuwa hakuna kusaidiwa, na huyu sasa anaulizwa.

"Sostenes, tulia," mama akasema. "Namba ya mtu haikai kwenye tovuti. Inakaa kwa mwanawe."

Edson akaitaja. Akachanganya namba, ikabidi arudie kuanzia katikati. Mama akaandika tarakimu moja moja, akazisoma kuhakikisha, akabonyeza mara ya mwisho.

Simu ya Noela ikalia mfukoni mwa sketi. Oda mpya. Akaisoma amesimama pale pale mlangoni, na alipoimaliza akaisoma tena.

Matobolwa. Debe moja. Stendi: Buseresere. Mpokeaji: Mama Edson.

"Imefika?" mama akauliza.

"Imefika."

"Isomee mjomba wako."

Noela akaisoma. Mjomba Sostenes akasikiliza mpaka mwisho, akauliza watu wa Mhunze sasa atawaambiaje, yeye ndiye aliyewakubalia. Mama Noela akamwambia awaambie ukweli, kwamba binti alikuwa na mtu na mama alichelewa kumwona. Wapigiwe leo, ili kesho wasije na safari ya bure. Ni watu waungwana, wataelewa, na Mwigulu hakosi mke. Mjomba akashusha pumzi, akatoa simu, akatoka nje ya geti kwenda kupigia huko ambako aibu ingekuwa yake peke yake.

Mama akakunja miguu kwenye mkeka, akamgeukia Noela.

"Mpelekee mkwe maji ya kunywa. Kigoda kiache hukohuko."

Noela akavuka ua na kikombe. Hatua ishirini ni nyingi ukiwa unatazamwa na mama yako. Edson alipokea kwa mikono miwili, akanywa kwa haraka, maji yakamwagika kwenye shati lile la pasi.

"Ulizima simu," Noela akasema kwa sauti ya chini.

"Nilizima."

"Siku mbili."

"Ungepiga, ungelia, ningerudi. Na ningerudi na tovuti nusu."

Noela alitaka kubaki na hasira, alikuwa amejiandalia nyingi. Lakini alimwona macho yale mekundu, na kwenye kidole chake cha shahada alama ya unga ambayo hakuisafisha vizuri, akajua mtu huyu ametoka Buseresere asubuhi hiyo hiyo. Akachukua kikombe kitupu. Vidole vikagusana kwenye kikombe, na kila mmoja akakawia kuviondoa, kwa kuwa mama alikuwa ameangalia kwenye chanja kwa makusudi.

"Kadi," Edson akasema, "nitaichapa bure."

"Utaichapa ikiruhusiwa. Kwanza lete wazee."

Edson aliondoka na bajaji kabla ya giza. Dereva alimwambia Noela siku nyingine kwamba abiria wake alisinzia kabla hawajafika lami, akamwamsha mlangoni kwake, akaingia na viatu kitandani.

Nyumbani kwa kina Noela walikula mapema, ugali na mlenda. Mjomba Sostenes alishiba, akasifu matobolwa aliyofungiwa, akapanda baiskeli yake. Martina akawalaza watoto wake, naye akalala nao. Noela akapima debe la matobolwa kwa mkono wake, akalijaza mpaka likawa na kichwa, akalimimina kwenye mfuko, akaushona. Juu yake akaandika kwa kalamu nene. Basi la kwanza la Jumapili lingeondoka nao.

Mama yake alikuwa amekwisha lala upande wa pili wa ukuta, taa imezimwa.

"Noela."

"Abee, mama."

"Stendi umeandika?"

"Nimeandika. Buseresere."

"Na jina?"

"Mama Edson."

Kitanda kikalia, mama anajigeuza.

"Namba ya nyumba hukuandika?"

"Sikuandika, mama."

"Vizuri," mama akasema, na haukupita muda Noela akamsikia anakoroma. Akauvuta mfuko karibu na kitanda chake, akaweka mkono juu yake, naye akalala.